Ndege wanahama, mimi niko kazini: nipige picha saa ngapi?

Tai wa Hesabu: Wakuu, salaam. Niko huku kaskazini, majani yanapukutika na ndege wanahama. Naingia kazini saa mbili asubuhi, natoka giza likianza kuingia. Siku yangu ni Jumamosi tu, na mara nyingi nakuta mvua, au kichaka kitupu ambacho juzi kilijaa ndege. Lenzi yangu ni ya milimita 300. Kuna namna, au nisubiri majani yachipue?

Mama Darubini: Usisubiri, mwanangu. Mimi ni muuguzi wa zamu na huu ndio msimu wangu, kwa sababu jua linachelewa. Mwezi wa sita linachomoza umelala fofofo. Mwezi wa kumi linachomoza watu wanakunywa chai. Tena halipandi juu sana, kwa hiyo hata saa nne mwanga bado mlaini.

Kuhusu kichaka kitupu: ndege wadogo wengi husafiri usiku, wakatua alfajiri kula. Usiku wa anga safi na upepo wa kuwasukuma kusini, wa jana huondoka. Mvua ikiwakuta hewani karibu na kucha, hushuka popote penye kichaka. Basi achana na Jumamosi, tazama utabiri kabla ya kulala. Upepo wa kaskazini, kisha manyunyu alfajiri? Tega saa. Upepo wa kusini wiki nzima? Lala, mwili nao una haki yake.

Na usizurure. Chagua mti mmoja wenye matunda, ulio njiani kwako, jua likiwa mgongoni. Wala matunda huurudia mpaka uishe. Nusu saa inatosha.

Maji Kujaa: Naongezea kwa walio karibu na bahari. Maji yakipwa, chamchanga, wale ndege wa ufukweni, wametawanyika huko matopeni, lenzi ya 300 haiwafikii. Yakijaa, wanasogezwa hadi karibu nawe. Uzuri wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu, ni kwamba pale pale ulipo hujaa karibu saa ile ile kila linaporudi, kila wiki mbili hivi. Ukiona linaangukia asubuhi, omba ruhusa mapema. Mabosi wanapenda kuombwa mapema, sijui kwa nini.

Ndege aliyetua, kasi ya shata (muda kamera inapokea mwanga) 1/500 ya sekunde, anayeruka, 1/2000. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ijipangie. Chengachenga za ISO kubwa kwenye picha zinavumilika, picha iliyotikisika haina dawa.

Mama Darubini: Ukitoka baridini kuingia ofisi yenye joto, kamera ibaki ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto taratibu. Wengi huitoa papo hapo waangalie picha, lenzi inajaa ukungu.

Tai wa Hesabu: Shikamoo Mama, nimeelewa. Bahari iko mbali, ila nyuma ya ofisi kuna bwawa la bata. Mchana nina dakika arobaini. Je, inafaa?

Mama Darubini: Marahaba. Inafaa sana. Madume walififia manyoya tangu kiangazi, sasa wanarudisha rangi zao. Piga ukiwa umechuchumaa, lenzi karibu na usawa wa maji, na chakula ule ukirudi mezani.