Swali la nne la Zawadi

Mama Zawadi: Jamani, habari za jioni. Zimebaki wiki mbili Zawadi atume maombi ya ile programu ya hisabati ya likizo, na swali la nne kati ya maswali ya kuombea nafasi limemgomea. Tangu Jumamosi yuko nalo, hata kula anakula daftari likiwa wazi. Kaka, msaidie.

Shangazi: Kweli wifi. Mjomba wake anafundisha hesabu miaka yote hii, kwake hilo ni dakika tano tu.

Mjomba: Nimesoma, shemeji. Sitaligusa. Na wewe Zawadi, usilibandike hapa, wala usiiulize akili bandia. Masharti yanataka kazi ya mwombaji mwenyewe.

Shangazi: Hata kidokezo?

Mjomba: Hata kidokezo. Akiingia kwa kichwa changu, atakaa huko wiki sita na kichwa chake. Atateseka mtoto.

Baraka: Mama, ule si mtihani wa kalamu chini. Wanatoa wiki nyingi makusudi, waone mtu akikwama anafanya nini. Hata Mathcamp na PROMYS, programu za aina hii huko Marekani, wanasema wazi kabisa kwamba si lazima umalize maswali yote.

Mama Zawadi: Sasa akipeleka nusu si watasema hajui?

Baraka: Mama unakumbuka mwaka ule nilivyokataliwa? Majibu yangu yalikuwa sahihi, ila maelezo mistari miwili miwili. Mwaka uliofuata maswali mawili yalinishinda. Nikaandika kila njia niliyoijaribu na mahali ilipokatikia. Nikachukuliwa.

Zawadi: Shikamooni. Mjomba, nimejaribu mifano 30 na yote imekubali. Haitoshi?

Mjomba: Marahaba mwanangu. Acha swali lako kando, tuchukue jingine kabisa. Piga n² + n + 41. Anza n ikiwa 0, halafu 1, 2, 3.

Zawadi: 41, 43, 47, 53. Nimeongeza 4, ni 61. Zote namba tasa!

Mjomba: Na ni tasa mpaka n ifike 39. Fomula hii inatokana na mwanahisabati Euler, karne ya 18. Sasa weka 40.

Zawadi: 1600 + 40 + 41 = 1681

Zawadi: Subirini

Zawadi: Ni 41 × 41!! Mifano 40 imekubali halafu wa 41 umekataa 😳

Shangazi: Ala! Sasa kama 40 haitoshi, ngapi ndiyo inatosha?

Mjomba: Hakuna idadi inayotosha, shemeji. Inatakiwa sababu. Uko karibu na cherehani? Chukua vifungo. Weka kimoja mezani. Kizungushie vitatu, kulia, juu na kwenye kona, upate mraba. Kisha vitano, kisha saba.

Shangazi: 📷 Picha

Shangazi: 1, 4, 9, 16. Kila mara mraba unatimia.

Mjomba: Na utatimia siku zote? Angalia ule mstari uliopinda unaouongeza.

Shangazi: Kila mstari mpya unauzidi uliopita kwa vifungo viwili, kimoja huku na kimoja huku. Na kifungo cha kona kipo palepale. Haa! Hauwezi kukataa hata nikimaliza vifungo vya duka zima.

Mjomba: Umethibitisha kwamba ukijumlisha namba witiri kuanzia 1, bila kuruka, unapata mraba. Hicho ndicho wanachokitafuta kwenye karatasi ya Zawadi. Mwanahisabati Arnold Ross alianzisha programu yake ya namna hii huko Marekani mwaka 1957, na mpaka leo wito wake ni kufikiri kwa kina juu ya mambo mepesi. Wanaanza na namba nzima hizi hizi, kujumlisha na kuzidisha, wanazichimba wiki sita.

Baba Zawadi: Nimefuatilia kimya kimya. Na ada?

Baraka: Baba, Ross, PROMYS na Mathcamp wote wana msaada wa ada. Tujaze fomu yake sasa hivi, tusingoje jibu la kuchukuliwa. Na barua ya mwalimu aombwe mapema. Zawadi, usimfuate yule anayekupa maksi nyingi tu. Mfuate aliyewahi kukuona unang'ang'ania kitu.

Zawadi: Basi ni mwalimu wa kidato cha pili. Nilikuwa namfuata mpaka mlangoni na swali moja wiki nzima.

Mama Zawadi: Huyo huyo. Baba yako atampigia kesho asubuhi.

*Saa 4:47 usiku*

Zawadi: Mjomba umelala? Sikuambii swali. Nimeandika hivi: "Nikikubali hatua ya pili, yaliyobaki yanafuata. Hatua ya pili yenyewe bado sijaona kwa nini lazima iwe kweli. Nimejaribu njia tatu, ziko hapa chini." Niiache hivyo au nifute?

Mjomba: Usifute hata nukta. Kalale, kesho uitazame hatua ya pili peke yake.