Kubadilisha kompyuta ya injini ya lori: bei ni ya boksi tu au kuna mengine?

MizigoMirefu

Habari wakuu. Lori ni la dizeli, silinda 6, mfumo wa volti 24, lina kichujio cha masizi kwenye eksosi. Linawaka vizuri, likishapata joto linazima lenyewe, baada ya muda linakubali kuwaka tena. Mashine ya kupima inatoa misimbo ya hitilafu (SPN ni sehemu yenye shida, FMI ni aina ya shida): SPN 629 FMI 12, na pamoja nayo SPN 3509 FMI 4. Fundi amesema kompyuta ya injini imekufa. Makadirio yake yana mistari miwili tu: "boksi jipya" na "kazi", na huo mstari wa kazi unakaribia nusu ya bei ya boksi. Boksi lenyewe limeshikwa na boliti chache pembeni ya injini na plagi tatu. Hiyo kazi ni ipi? Na je, kuna namna ya kulipa pungufu bila kuharibu gari?

Fundi_Umeme24

Mkuu, kabla ya habari ya bei, usilipe chochote mpaka huo msimbo wa pili upate maelezo. SPN 629 FMI 12 maana yake kompyuta inajitangaza kuwa ina hitilafu, ndiyo. Lakini SPN 3509 FMI 4 inasema umeme wa volti 5 unaolisha sensa uko chini kuliko kawaida. Laini moja ya volti 5 inalisha sensa kadhaa. Moja ikipiga shoti ndani, au waya wake ukichubuka na kugusa chuma, laini nzima inaanguka, kompyuta inapoteza vipimo inavyovihitaji na injini inazima. Ukibadilisha boksi hapo, boksi jipya litakuta shoti ileile.

Pima hivi. Washa swichi, injini isiwake. Chomoa plagi ya sensa yoyote ya laini hiyo, weka multimita kwenye pini ya volti 5 na pini yake ya ethi (upande hasi). Ikisoma kati ya 4.75 na 5.25 laini ni nzima kwa wakati huo. Ikisoma chini, endelea kuchomoa sensa za laini hiyo moja moja, huku multimita imebaki palepale. Ile ambayo ukiichomoa volti zinaruka hadi 5 ndiyo mwizi wako. Kwa kuwa tatizo lako linakuja na joto, fanya kazi hiyo injini ikiwa bado ya moto, na utikise nyaya hasa zinapopita kwenye mabano ya chuma na karibu na turbo. Likiwa baridi litakudanganya.

Sensa zote zimechomolewa na volti bado ziko chini? Zima swichi, toa betri, chomoa plagi za kompyuta, upime ukinzani kati ya waya wa volti 5 na ethi upande wa nyaya. Ukiwa mdogo, shoti iko kwenye nyaya. Nyaya zikiwa safi, hapo ndipo boksi linaanza kushukiwa kwa haki.

WayaNaPini

Naongezea kwa fundi hapo juu. Multimita peke yake haitoshi kupima umeme unaoingia kwenye kompyuta. Waya wenye nyuzi 30 ukikatika zikabaki 2, multimita bado itaonyesha volti 24 kamili, kwa sababu yenyewe haivuti mzigo. Chukua balbu ya taa kubwa ya volti 24, iunge kati ya pini za umeme na pini za ethi kwenye plagi ya kompyuta ikiwa imechomolewa. Lazima iwake kwa nguvu zote. Ikiwa hafifu, tafuta fyuzi yenye kutu, relei iliyoungua midomo, au ethi iliyolegea kwenye fremu. Usiingize ncha ya multimita kwa nguvu ndani ya pini jike. Tumia pini dume ya saizi yake. Pini iliyotanuliwa inazaa hitilafu ya kuja na kuondoka ambayo watu huishia kulaumu boksi.

Halafu nyaya za CAN, zile mbili ambazo kompyuta za gari huwasiliana kwazo. Toa betri, pima ukinzani kati ya pini C na D kwenye soketi ya mviringo ya pini 9, ile inayochomekwa mashine ya kupima. Kama gari lina soketi ya pini 16, kwa kawaida ni pini 6 na 14, ila hakikisha kwenye mchoro wa gari lako. Inatakiwa omu 60, kwa sababu kuna rezista mbili za omu 120 sambamba. Ukipata 120, rezista moja imepotea au waya umekatika. Ukikaribia sifuri, nyaya mbili zimegusana.

Mwisho, chungulia ndani ya plagi za kompyuta. Ukikuta oili, usiifute tu na kufunga. Oili hupanda ndani ya waya kutoka kwenye sensa inayovuja, inatembea katikati ya nyuzi mpaka kwenye plagi. Bila kubadilisha sensa hiyo na kipande chake cha waya, itarudi.

Karakana_Dizeli

Sasa swali la "kazi". Kufungua boliti ni sehemu ndogo kabisa. Boksi jipya mara nyingi huja tupu au na programu ya msingi tu. Ndani yake panatakiwa kuingizwa programu ya modeli ya injini hiyo hasa, namba ya chasisi, misimbo ya nozeli (vinyunyizia mafuta) zote 6, yaani namba ya vipimo vya kila moja, mipangilio ya kikomo cha kasi, ukubwa wa tairi na uwiano wa difu, saa za injini, hali ya kichujio cha masizi, na kwenye magari mengi kuoanisha na funguo. Programu hiyo hupatikana kwa leseni ya kulipia, na hiyo ndiyo inayopandisha mstari wa pili.

Kwa hiyo mrudishie makadirio, umwombe ayaandike upya kwa mistari: boksi, programu, kuoanisha funguo, upimaji, muda wa kufunga, na amana ya boksi kuukuu kama ipo. Kila mstari uwe na bei yake. Pia aandike kama programu ikikwama katikati ni hasara ya nani.

Jambo la kusisitiza: data za boksi la zamani zisomwe na kuhifadhiwa LEO, wakati lori bado linawaka. Boksi likifa kabisa, misimbo ya nozeli itabidi isomwe kwenye nozeli zenyewe, na kwa injini nyingi hiyo ni kufungua kifuniko cha tapeti, gasketi mpya juu yake, na saa za ziada. Ukiingiza misimbo ya kubahatisha, injini itatetemeka ikiwaka bila kukanyagwa mafuta na kutoa moshi. Hali ya kichujio nayo ni hivyohivyo. Kompyuta ikianza na sifuri itaamini kichujio ni kipya, wakati kimejaa majivu, na mahesabu ya kuchoma masizi yatakuwa ya uongo.

Njia za kupunguza, kwa mpangilio ambao ningeufuata. Kwanza kukarabati boksi lako mwenyewe, kama kilichokufa ni transista ya kuendesha nozeli, kapasita au lehemu iliyopasuka. Data zinabaki ndani, kwa hiyo gharama ya programu karibu inaondoka. Pili, boksi lililokarabatiwa la kubadilishana: unalipa bei pungufu pamoja na amana, na amana unarudishiwa ukipeleka la kwako. Angalia sana hapa, wauzaji wengi hawapokei boksi lililokwisha kufunguliwa. Amua njia kabla fundi hajakata muhuri. Boksi la mtumba ni la mwisho, na tu kama namba ya kifaa inalingana herufi kwa herufi na muuzaji anathibitisha kuwa linakubali kuandikwa upya.

Na kama kilichoungua ni transista ya nozeli, pima nozeli kabla ya kufunga boksi lolote. Zile za koili linganisha ukinzani wake zote 6, lazima zikaribiane. Na kati ya pini na mwili wa injini pasiwe na njia kabisa. Koili iliyopiga shoti itaua transista mpya pia.

MizigoMirefu

Asanteni sana wakuu, nimeelewa. Moja limebaki: kuna lori lingine la modeli ileile. Naweza kuazima boksi lake kwa majaribio tu, kabla ya kununua?

Karakana_Dizeli

Usifanye hivyo. Likiwa na ulinzi wa funguo, injini haitawaka na utadhani nalo ni bovu. Injini ikiwaka, boksi hilo litaendesha nozeli zako kwa misimbo ya lori lingine. Na kama shoti iko kwenye nyaya zako, utakuwa na maboksi mawili mabovu.

Siku ya kufunga lako: zima swichi, subiri dakika kadhaa kompyuta imalize kuandika kumbukumbu zake, ndipo utoe betri. Wakati wa kuingiza programu, betri ziwe kwenye chaja inayoshikilia volti bila kuyumba, laptopu iwe kwenye umeme, taa na feni zote zimezimwa. Volti zikianguka katikati ya uandishi, boksi jipya linaweza kufa palepale mezani. Na fundi wa kuchomelea akija kugusa fremu, atoe betri na achomoe plagi za kompyuta kwanza.