Tupeane uzoefu: Safari ya kaskazini (Tarangire, Ngorongoro, Serengeti, Natron na Mlima Meru). Vibali, gari, kambi na miguu

Mleta mada

Wakuu, kila msimu ukikaribia maswali ni yaleyale: siku ngapi, gari gani, tuanzie wapi. Uzi huu ni wa wanaoijua njia. Hadithi za "tulifika tukaona simba" zina nyuzi zake, hapa tuleteeni vitu ambavyo mtu atavitumia.

Naanza na saa za vibali, maana hapo ndipo hela nyingi hupotelea. Barabara ya kutoka Karatu kwenda Serengeti inakatiza Ngorongoro, na Ngorongoro haiko chini ya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), ina mamlaka yake, NCAA. Hata usiposhuka kreta (lile bonde la volkano), ukivuka geti la Lodoare umeshalipia kiingilio cha Ngorongoro, na ukifika geti la Naabi unalipia cha Serengeti. Kibali huhesabiwa saa 24 tangu saa uliyoingia. Umeingia Naabi Jumatatu saa 8 mchana ukiwa umelipia siku mbili? Jumatano saa 8 mchana uwe umeshatoka getini. Ukichelewa unalipia siku nyingine nzima.

Kutoka Seronera, katikati ya Serengeti, hadi Naabi ni kama kilomita 45 na mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa. Kwa hiyo dereva anapowaambia saa 5 asubuhi "tuagane na chui", msimnunie. Anapiga hesabu ya geti.

Nyayo za Karatu

Naongezea hapo kwa mleta mada. Kreta iwekeni wakati wa kurudi, si wakati wa kwenda, na sababu ni hizohizo saa 24. Kurudi kutoka Serengeti lazima mpite Ngorongoro na mlipe, basi hiyo ada ifanye kazi mbili. Tokeni Naabi mchana, ingieni Ngorongoro tuseme saa 9 alasiri, laleni kambi ya Simba A ukingoni, asubuhi saa 12 muwe njiani kwenda kushuka. Mkipanda saa 6 au 7 mchana mnafika Lodoare kabla ya saa 9. Kiingilio kimoja, juu yake ada ya kambi na ada ya kushusha gari kreta, basi.

Ada ya kushuka hutozwa kwa gari, si kwa kichwa. Watu wawili kwenye gari na watu watano kwenye gari wanalipa ileile. Wanaotaka kupunguza gharama waanzie hapo kabla ya kubana chakula.

Mama Safari

Nakubaliana nusu. Simba A ni pazuri kwa vijana. Mna wazazi au watoto wadogo, laleni Karatu mlipe kiingilio kingine kwa roho safi. Ukingo uko zaidi ya mita 2,300, na Juni hadi Agosti baridi ya usiku inapenya turubai, ukungu unakaa mpaka saa 3 asubuhi. Godoro jembamba halisaidii kitu kwa sababu baridi inatoka ardhini. Wekeni mkeka wa povu chini ya godoro, halafu blanketi chini ya mwili kabla ya blanketi la juu.

Kuhusu kreta yenyewe: ina upana wa kama kilomita 19, kina cha mita 600 hivi, na sakafu ya kilomita za mraba 260. Barabara ya Seneto ni ya kushukia tu na ya Lerai ni ya kupandia tu. Ya tatu, upande wa mashariki, inashuka na kupanda. Mkishuka mapema, anzeni na uwanda wa wazi karibu na Ziwa Magadi na msitu wa Lerai, kwani faru hutembea asubuhi kukiwa na ubaridi, jua likipanda hulala na kwa mbali huonekana kama jiwe. Twiga msiwatafute. Kreta haina twiga, kuta zake ni kali na miti ya kuwalisha ni michache. Tembo mtakaowaona Lerai mara nyingi ni madume wazee wenye pembe ndefu.

Chakula cha mchana huliwa bwawa la Ngoitokitok, ambako kuna vyoo. Kuleni mkiwa ndani ya gari, paa likiwa limeshushwa. Mwewe wa pale hawabishi hodi: anashuka nyuma ya bega, anachukua paja la kuku na wakati mwingine kipande cha kidole.

Fundi Shokapu

Mmeongea vibali, sasa gari. Lami inaishia Lodoare. Kuanzia hapo mpaka ndani Serengeti ni vumbi na barabara yenye mikunjo kama bati, na hiyo mikunjo ndiyo inayoua magari, mashimo yanasingiziwa tu. Inalegeza nati, inachemsha shokapu mpaka zinavuja mafuta, inakata jani la springi. Anayekodi gari akague haya kabla ya kulipa:

Lala chini, tazama shokapu zote nne. Ikiwa na unyevu wa mafuta mweusi uliokamata vumbi, imekwisha. Pitisha mkono kwenye majani ya springi, ufa huanzia karibu na boliti ya katikati. Spea ziwe mbili, na zote ziwe na upepo, maana ya pili mara nyingi imebebwa kama pambo. Jeki iwe na ubao wa kuwekea chini, bila ubao kwenye udongo laini jeki inazama na gari linabaki palepale. Mwambie dereva aingize gia ya magurudumu manne mbele yako, hapohapo Arusha. Asikwambie "inafanya kazi, usijali".

Filta ya hewa itolewe na kupigwapigwa kila jioni. Gari likianza kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu kwenye mlima wa kurudi Ngorongoro, tazama filta kabla ya kulaumu pampu. Mafuta jaza tangi Karatu, Seronera kipo kituo lakini bei yake ni ya porini.

Madirisha: mkipishana na gari, funga yote, hesabu mpaka kumi, fungua. Na wenye kamera, mwambieni dereva azime injini, mtikisiko wa dizeli unaharibu picha kuliko mkono wako. Mfuko wa mchele kilo 2 juu ya ukingo wa paa ni stendi tosha ya kamera.

Kijana wa Moshi

Mkuu Fundi, na masika je? Machi mpaka Mei gari hilohilo linatosha?

Fundi Shokapu

Linatosha kama dereva anajua kukataa. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa unajaza meno ya tairi, tairi linakuwa kama limepakwa sabuni. Mkiwa magari mawili, la nyuma lisifuate nyayo za la mbele mpaka lionekane limevuka. Mkiwa gari moja, jioni yenye wingu mrudi kwenye barabara kuu mapema. Na kuacha barabara ndani ya Serengeti ni kosa, hata kama duma yuko mita 80 na mgeni anaahidi bakshishi nono.

Ndutu Daima

Kwa wanaouliza mwezi: nyumbu hawakai sehemu moja, kwa hiyo kambi ifuate mwezi. Januari hadi Machi wako kusini, Ndutu na nyanda za nyasi fupi, na Februari ndiyo kilele cha kuzaa. Mei na Juni wanaelekea ukanda wa magharibi, mto Grumeti. Julai hadi Septemba, pengine Oktoba, ni kaskazini, Kogatende na mto Mara. Novemba mvua za vuli zikianza wanateremka tena.

Kosa la kawaida ni kulala Seronera Agosti na kutaka kuona wanaovuka Mara. Kutoka Seronera hadi Kogatende ni nusu siku njiani, na kundi linaweza kusimama ukingoni kwa muda wa saa tatu kisha likageuka. Atakaye mto alale kaskazini usiku mbili angalau. Na gari lisimame mbali na mdomo wa mteremko, mkiziba pale nyumbu wa mbele anasita na kundi zima linarudi.

Tarangire ni ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, tembo wakiutegemea mto. Ndorobo wapo. Msivae bluu wala nyeusi, wanazipenda hizo rangi kupita kiasi. Dawa ya mbu haiwasumbui sana, nguo nene ya kaki ndiyo kinga. Manyara nusu siku inatosha.

Mpishi wa Kambi

Kambi za umma za Seronera hazina uzio. Chakula hakilali hemani, hata biskuti ya mtoto, hata dawa ya meno yenye harufu ya matunda. Vyote gari au jikoni kwenye wavu. Fisi hana shida na wewe, ana shida na viatu vya ngozi ulivyoacha nje. Usiku ukibanwa, mulika tochi kwanza kwa kuzungusha usawa wa macho, si chini miguuni. Macho mawili yanayong'aa yakitulia palepale yakikutazama, rudi ndani.

Maji hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, ya kunywa na kupikia pamoja, ya kuoga kando. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, fungasheni kwenye makopo.

Mgumu wa Momella

Mlima Meru naona umesahaulika. Mita 4,562, na kwa wanaojiandaa na Kilimanjaro hakuna mazoezi bora. Mpango wa siku nne: geti la Momella hadi Miriakamba (2,514), kesho yake Saddle Hut (3,570) na mchana mnapanda Little Meru kuzoea hewa kisha mnarudi kulala chini, usiku wa saa 7 au 8 mnaanza kilele, mnashuka mpaka Miriakamba, siku ya nne getini. Askari mwenye bunduki ni lazima, kwa sababu ya nyati. Kundi lisitawanyike chini ya Miriakamba, anayetaka kujisaidia amwambie askari kwanza.

Baada ya Rhino Point kuna mwamba mlalo ambao alfajiri huwa na barafu nyembamba isiyoonekana. Pana mnyororo, ushike. Chupa za maji zigeuzwe kichwa chini ndani ya begi, barafu huanzia juu ya maji, hivyo mdomo unabaki wazi. Mrija wa kunyonyea maji ndio wa kwanza kuganda, usiutegemee. Lita 3 kwa usiku wa kilele.

Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Kichwa kuuma pamoja na kutapika, au mtu kushindwa kutembea mstari mnyoofu kisigino kwa kidole, anashushwa saa hiyohiyo, si "tusubiri kukuche". Acetazolamide, dawa ya ugonjwa wa mwinuko, hutumika kwa kinga, kawaida miligramu 125 asubuhi na jioni kuanzia siku moja kabla, ila daktari akuone kwanza na mwenye mzio wa dawa za salfa aseme.

Mlima uje kwanza, mbuga baadaye. Baada ya kilele magoti yanataka kukaa, na ndani ya gari ndiko kukaa kwenyewe. Ila kama Kilimanjaro kinafuata, mwili hausubiri: ukiweka wiki ya mbuga katikati, faida ya Meru inapungua.

Engare Sero

Natron sasa. Kutoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka kuna mageti ya halmashauri na vijiji, bebeni fedha na mchukue risiti kila moja, geti linalofuata wataiuliza. Joto la mchana ni kali, matembezi ya ziwani ni kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni. Maji ni magadi makali: yanachubua jeraha na yanakausha ngozi ya viatu mpaka inapasuka. Kanyageni nyayo za mwenyeji, ganda la chumvi juu ni gumu na chini ni tope la magotini. Heroe wanaokula pembezoni mtawaona vizuri, mazalia yao yako katikati na hayafikiki, na ndiyo maana yamesalimika.

Ol Doinyo Lengai, mita 2,962: gari linaondoka kijijini karibu saa 5 usiku, kupanda huchukua muda wa saa 5 hadi 6, na saa 4 asubuhi muwe mmeshashuka sehemu kubwa. Hakuna kivuli wala maji. Mteremko ni jivu linalorudi chini kila hatua, kwa hiyo glovu za ngozi, kofia ngumu na vifuniko vya viatu vinavyozuia mchanga ni vya lazima kwangu, kampuni nyingi huviita vya hiari. Lava yake inatoka nyeusi, nyepesi kama mafuta, na ikipata unyevu inageuka nyeupe ndani ya muda mfupi. Msiisogelee kingo ya juu, tangu mlipuko wa 2007 na 2008 pana shimo refu lenye kuta zinazomomonyoka.

Toka Natron mnaweza kwenda Wasso na kuingia Serengeti kwa geti la Klein's, kisha kurudi kwa Naabi. Mnaipita Ngorongoro mara moja tu. Tengeni siku nzima na spea zile mbili za Fundi.

Kijana wa Moshi

Na raia tunalipaje? Mtandao ukikatika getini?

Mleta mada

Raia kwa shilingi, ukionyesha kitambulisho cha taifa, na ada ni ndogo sana kulinganisha na mgeni. Getini hawapokei fedha taslimu: unapewa kumbukumbu namba unalipa kwa simu, benki au kadi. Lipeni jana yake mkiwa mjini. Hakikisheni tarehe, idadi ya vichwa na namba ya gari vimeandikwa sawa, maana kubadili gari baada ya kulipa ni safari ya dirisha hadi dirisha. Viwango hubadilika na mwaka wa fedha, kwa hiyo anayesafiri baada ya Julai 1 asitumie bei ya Mei.