Tupeane uzoefu: CHAN ilipokuja mjini kwako, hela ilikufikia au ilikupita?

Mtaa wa Keko (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni muuza jezi. Sina fremu, nina mfuko wa salfeti na kamba. Siku ya mechi nafunga kamba kwenye nguzo mbili pale Uhasibu, karibu na uwanja wa Mkapa, Dar, natundika mali, naanza kuita watu. Nguzo hizo wenzangu wananijua nazo, ukitaka kunipata unaambiwa nenda kwenye nguzo.

Waliposema CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, inakuja kwetu, Kenya na Uganda, nikachukua mkopo wa kikoba, laki sita, nikazama Kariakoo. Bendera, skafu, vuvuzela, jezi za Taifa Stars. Wakati ule ilikuwa ichezwe Februari 2025. Januari ikatangazwa imesogezwa hadi Agosti, viwanja havijawa tayari. Bendera zangu zikalala chini ya kitanda miezi saba na marejesho ya kikoba yanaendelea kila Jumamosi. Panya walikula mbili.

Agosti 2 ikafika, ufunguzi kwa Mkapa, sisi na Burkina Faso. Nimetoka alfajiri, nafika, nguzo zangu ziko ndani ya vizuizi. Kijana wa kizibao cha njano akaniuliza kibali. Kibali gani, mimi niko hapa tangu mechi za Simba na Yanga za miaka hiyo? Nikasogezwa. Baada ya saa moja vizuizi vikasogea, na sisi tukasogezwa tena. Kufika saa nane mchana nilikuwa nimetundika bendera kwenye ukuta wa mtu, mbali kabisa, pale daladala zinaposhusha.

Na pale ndipo nilipouza kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Watu wanashuka mikono mitupu, kitu cha kwanza wanachokiona ni bendera. Mpira haujaanza nimebakiwa na jezi za watoto tu. Tukashinda 2-0. Usiku ule nilihesabu hela mara tatu, mama watoto akaniambia zima taa.

Kosa langu likaanza hapo. Nilirudi Kariakoo na kila kitu, mtaji na faida. Stars wakamfunga Mauritania, nikaongeza mzigo. Wakamfunga Madagascar, nikaongeza. Agosti 22, robo fainali, Morocco wakatupiga moja bila pale pale nyumbani. Nimesimama na bendera 84, watu wanapita wameinamisha vichwa. Mmoja akasimama mbele yangu, nikadhani mteja. Anaulizia gari la Mbagala.

Sasa AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika lenyewe, inakuja kwetu, Kenya na Uganda, na kila redio ukiwasha ni fursa, fursa. Nataka kusikia kwa aliyekuwepo. Ulisimama wapi, uliuza nini, ulibaki na nini? Walio nje pia, mlikokuwa na Kombe la Dunia, Olimpiki, mbio za baiskeli, chochote.

Kijiweni

Bendera haziozi mkuu. Ungeziweka mpaka Stars walipokwenda AFCON ya Morocco Desemba.

Mtaa wa Keko

Nimefanya hivyo. 33 zimetoka kwenye vibanda umiza vya kuonyeshea mpira, kwa bei ya kutupa.

Mama Chapo

Hamjambo wadau. Niko Kasarani, Nairobi, pale penye uwanja, kibanda changu kiko upande wa Hunters. Chapo madondo (chapati na maharagwe), chai, mayai.

Kwanza mimi nilikuwa naogopa kununua unga mapema. Sisi Wakenya tulipewa CHAN ya 2018 tukanyang'anywa ikapelekwa Morocco, na kabla ya hapo AFCON ya 1996 tulinyang'anywa vivyo hivyo. Kwa hivyo nilisema sitanunua gunia la unga mpaka nione wachezaji kwa macho. Siku ya Kenya na DR Congo nilipika chapati 80 zikaisha kabla ya saa tisa mchana. Nikajilaumu wiki nzima.

Halafu ikaja Jumapili ya Morocco, Agosti 10. Jamani. Wenye tiketi na wasio na tiketi wote walikuja, wengine wakaingia kwa nguvu. Polisi, moshi, watu wakikimbia na viatu mkononi. Mimi nilikuwa nyuma ya kaango. Nitawaambia kitu ambacho sijasikia mtu akisema kwa redio: aliyeingia uwanjani mapema hakuninunulia hata chai. Waliofungiwa nje ndio walikula. Walikaa kwa mawe, redio ya simu katikati, chapati mkononi. Tulipofunga goli hilo moja, kijana mmoja alirusha sahani yangu juu ikapasuka. Alilipa, lakini alilipa sahani na akasahau kulipa madondo.

Nilipika 310 siku hiyo, mimi na binti yangu na jirani niliyemkodi kwa siku.

Baada ya ile fujo CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakapunguza watu, mechi ya Zambia wakaruhusiwa 27,000 tu, na vizuizi vikaanzia mbali sana. Asiye na tiketi hakukaribia hata barabara ya kwangu. Tulishinda, lakini nilirudi nyumbani na sufuria mbili za maharagwe. Usalama ulikuwa mzuri, sikatai. Mfuko wangu ndio ulikataa.

Siku ya fainali sikufungua, nilikuwa harusini.

Kilichobaki? Taa ya mlingoti iliyowekwa kona yetu. Zamani nilifunga saa mbili usiku, sasa naenda hadi saa nne. Nikipiga hesabu ya miezi yote, hiyo taa imenipa zaidi ya mechi zote za Kenya.

Mtaa wa Keko

Mama Chapo, hapo kwa waliofungiwa nje umenifungua macho. Na mimi niliouzia ni walewale, wa kwenye daladala.

Tani Thelathini

Mimi dereva wa lori. Agosti 18 nilikuwa natoka Malaba kuingia Kampala, Uganda wanacheza na Afrika Kusini pale uwanja wa Namboole. Foleni ya Jinja Road nilikaa mpaka nikasikiliza magoli yote sita redioni, 3-3. Uchumi niliouchangia ni rolex moja (chapati ya kukunjwa na mayai) na soda.

Darajani

Assalam alaykum. Huku Unguja hadithi yetu ina sura nyengine. Mimi nafanya kazi mapokezi, nyumba ya wageni Mji Mkongwe, vyumba 14. Agosti kwetu ni msimu, hata pasiwe na mpira vyumba havikai vitupu. Sasa waliposema wageni wa CHAN watajaza hoteli, nikajiuliza watajaza vipi kitu kilichokwisha jaa?

Ikawa hivyo. Vyumba sita vilishikwa kwa ajili ya watu wa mashindano, bei ya jumla, mkataba mmoja. Watalii waliotaka vyumba hivyo tukawaelekeza pwani. Mwisho wa mwezi bosi kapata palepale anapopata kila Agosti. Tafauti ni kwamba mtalii ananunua safari ya viungo, anamkodi mtembezaji, anatoa bakhshishi. Mtu wa mashindano anatoka na basi asubuhi, anarudi na basi usiku, chakula chake kimelipiwa. Watembezaji wetu walilalamika sana.

Lakini nisiwe mchache wa fadhila. Kundi letu uwanja wa Amaan lilikuwa na Senegal, Nigeria, Congo na Sudan. Sudan, nchi yao ina vita, timu haina hata pa kuchezea nyumbani, wakamfunga Nigeria 4-0. Usiku ule Forodhani ilijaa Wasudani, na familia zao, sijui walikuwa wamejificha wapi siku zote. Muuza urojo ninayemjua alimaliza ndoo mbili. Mzee mmoja alikaa kwenye ukuta wa bahari analia, mjukuu anamfuta machozi kwa skafu. Kisha wakamtoa Algeria kwa penalti hapahapa. Ingekuwa mashindano ni Aprili, mvua na vyumba vitupu, hesabu ya bosi nayo ingekuwa nyengine. Sisi tuombe mashindano ya Aprili.

Biryogo Chai

Wakubwa, Kigali hapa. Biryogo, mtaa wa Waswahili, chai ya maziwa na chapati.

Septemba 2025 tulikuwa na ubingwa wa dunia wa baiskeli, mara ya kwanza Afrika. Wiki nzima, tarehe 21 hadi 28, shule zimefungwa, watumishi wa serikali wanafanyia kazi nyumbani, barabara zinafungwa na kufunguliwa kwa ratiba. Mdogo wangu ana pikipiki ya kubeba abiria. Siku nyingine alizunguka kilima kizima kumpeleka mtu mahali ambapo kwa kawaida ni dakika tano, abiria akagoma kulipa zaidi.

Mimi nilikuwa na bahati ya jiografia. Siku ya mwisho wanaume walipandishwa Mont Kigali halafu wakateremkia huku Nyamirambo, kwenye kile kipando cha mawe cha Kwa Mutwe. Baiskeli ni tofauti na mpira. Hakuna geti, hakuna tiketi, mtu anasimama barabarani saa nyingi anangoja kitu kinachopita sekunde kumi. Anaona njaa. Nilibeba chai kwenye termosi nne, nikaenda kwa mguu, nikarudi nyumbani kujaza mara mbili. Pogačar, aliyeshinda siku hiyo, alipita zamani sana kabla ya wengine kuisha kupita, na waliomaliza siku hiyo ni 30 tu. Mimi nilimaliza termosi 12.

Wenye maduka katikati ya mji wataeleza vingine. Kuna jirani yangu anauza vipuri, wiki ile alifungua kwa ajili ya kufagia tu.

Nimerudi Doha

Mimi ndiye ile ajira wanayoitaja kwenye hotuba. Mkenya, mlinzi, Qatar 2022. Mnamkumbuka yule kijana wa kwetu aliyekaa kwenye kiti kirefu na mkono wa sponji akiwaelekeza watu wapi metro, dunia nzima ikamwimba? Tulikuwa maelfu, yeye tu ndiye aliyepata kamera. Mimi nilikuwa Al Khor, Al Bayt, ule uwanja wa umbo la hema, geti la nyuma ambako hata upepo ulikuja na mchanga wake.

Sheria ya kule inasema mfanyakazi asilipe kutafutiwa kazi. Mimi nililipa wakala laki moja na thelathini za Kenya, simtaji. Mkataba miezi sita, kima cha chini riali 1,000, chakula na malazi juu yao. Fainali Desemba 18. Kabla ya mwaka mpya tukaitwa, tukaambiwa kazi imekwisha, tiketi hizi hapa. Miezi iliyobaki kwenye mkataba nani ailipe? Tuliuliza, waliouliza sana walirudishwa mapema zaidi.

Nilirudi na pikipiki moja, kwa maana ya hela ya kuinunua, na deni la wakala limekwisha. Pikipiki bado ipo. Kwa hiyo siwezi kusema nilipoteza. Ila ukisikia ajira elfu kadhaa, uliza za miezi mingapi.

Wa Bukavu

Niko Montréal, Mkongomani. Olimpiki ilikuja hapa 1976. Deni la uwanja limelipwa likaisha 2006, miaka 30, sehemu kubwa kwa kodi ya sigara. Kuna mvutaji aliyezaliwa michezo imekwisha akaulipia uwanja mpaka ana watoto. Na 2024 wametangaza dola milioni 870 za paa jipya. Napita pale kwa basi kila siku kwenda kazini. Sijawahi kuingia.

Vasha Ploti

Wadau wa Keko na Kasarani, shida yenu ni kwamba tamasha lenu linakuja mara moja. Sisi Naivasha Safari Rally, mbio za magari, ilirudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 na tunaiona kila mwaka, kwa hivyo tumesoma.

Nina bedsitter nne. Mwaka wa kwanza sikujua kitu, nilitazama watu wakilala ndani ya magari. 2022 nikawaomba wapangaji wangu waende kwao wikendi hiyo, nikawapa nauli na punguzo la kodi, chumba nikakipangisha kwa usiku kama hoteli. 2023 nikawaendea tena na nauli, wakacheka. Kumbe walikuwa wamepangisha wao wenyewe kwa marafiki wa Nairobi, mmoja alikuwa amelaza watu saba. 2024 ikaangukia Pasaka, bei zikapanda mpaka aibu. 2025 wakaileta Machi, kila mtu mjini ana chumba cha kupangisha, mpaka mwenye salon. Bei ikashuka. Mimi sasa natoza pesa ya kuegesha gari na kuoga maji moto. Faida ni afadhali kuliko kitanda, na shuka hazifuliwi.

Olmoti

Wakuu nimesoma uzi wote nimesimama mlangoni, na nikiinua macho nauona uwanja mpya wa Arusha, viti 30,000. Mimi nilijenga vyumba vinne kwa akili ya AFCON. Ajabu ni kwamba wateja wangu mpaka sasa wamekuwa mafundi wanaojenga huo huo uwanja. Wanalipa kwa mwezi, hawasumbui, maji wanachota wenyewe. Kazi inaelekea mwisho na wameanza kuhama, chumba cha kwanza kimebaki wazi wiki iliyopita.

Shemeji yangu anasema nipake rangi, niweke televisheni, ningoje wageni wa mpira kwa dola. Kuna mwalimu anataka kupanga kwa mwaka, ana kodi ya miezi sita mkononi.

Mama Chapo

Mpe mwalimu chumba, baba.

Vasha Ploti

Mpe mwalimu vitatu ukiweza. Kimoja bakisha cha kuogea.

Mtaa wa Keko

Nami nasema mwalimu. Halafu Olmoti, barabara ya kwenda uwanjani inapita mlangoni kwako au mbali? Daladala zitakuwa zinashushia wapi? Angalia hilo mapema kabla hawajaweka vizuizi. Nimebakiwa na bendera 51, natafuta ukuta huko.