Mtoto wa miaka minne kwenye baleti, atatulia?

MamaNeema_Sakina
Habari zenu wadau. Jumamosi saa kumi jioni kuna baleti ya familia kwenye ukumbi wa shule moja hapa Arusha. Ni The Nutcracker iliyofupishwa, dakika 60 bila mapumziko. Binti yangu ana miaka minne, hajawahi kuona baleti. Nimwandaeje, na tukae wapi?

HatuaTano
Dada, dakika 60 anaziweza. Ile kamili, muziki peke yake unakaribia saa moja na nusu.

Baleti haina maneno, kwa hiyo asiyejua kisa atauliza "huyo nani?" mpaka mwisho. Msimulie siku mbili kabla, kwa ufupi: msichana anapewa mwanasesere wa kubangulia kokwa, usiku mwanasesere anapigana na panya, kisha wanakwenda nchi ya peremende. Panya ndio wanaoliza watoto, maana taa zinafifia, muziki unapanda, na vichwa vya kuvaa ni vikubwa. Mwambie mapema kuwa mle ndani kuna mtu. Katika matoleo mengi msichana anamrushia mfalme wa panya kiatu. Mpe kazi ya kukisubiri hicho kiatu, hofu itapungua.

Nyumbani zimeni taa ya sebuleni, msikilize ngoma ya malkia wa peremende. Kinanda chake kinaitwa selesta, kinalia kama vikengele vidogo. Akikisikia ukumbini atakitambua.

FundiJukwaa
Safu ya kwanza iache. Jukwaa liko juu, mtoto ataona magauni tu, miguu haioni, na spika ziko palepale. Sakafu za kumbi za shule nyingi ni bapa, kwa hiyo safu ya nne, kiti cha kando ya njia, na khanga mbili zilizokunjwa chini yake.

Vile viatu vinavyowaka taa akikanyaga vibaki nyumbani. Flashi ya simu nayo, tafadhali sana: anayezunguka hukaza macho pointi moja, kichwa kinabaki nyuma kisha kinageuka ghafla. Mwanga ukimpiga hapo, mizani inapotea.

Choo dakika kumi kabla, hata akikataa. Ale saa tisa, juisi baadaye. Na Desemba hii mvua haitabiriki, pandeni bajaji badala ya boda. Mtoto mwenye soksi zilizolowa hatulii.

MamaNeema_Sakina
Asanteni sana. Na akianza kulia katikati?

HatuaTano
Usimbembeleze kitini, toka naye mara moja. Ndiyo maana ya kiti cha kando. Simameni karibu na mlango ausikie muziki, mrudi watu wanapopiga makofi kati ya ngoma na ngoma. Mkiwakosa panya si neno, ngoma za peremende zote ziko nusu ya pili.