Naomba ushauri: Kedarnath au Kedarkantha?

Habari zenu, wanajamvi. Mimi ni mwanafunzi hapa Dehradun, India, na wenzangu wawili wamenialika kupanda mlima mwezi Desemba. Mmoja anataja Kedarnath, mwingine Kedarkantha, nami nilidhani ni mahali pamoja hadi nilipotazama ramani.

Ninavyoelewa, Kedarnath ni hekalu la Shiva lililo kwenye mita zipatazo 3,580, ambalo mahujaji wa Kihindu hulifikia kwa miguu au kwa nyumbu kutoka mji mdogo wa Gaurikund, au hata kwa helikopta kutoka kwingine, na ambalo hufungwa majira ya baridi, ibada zikihamishiwa mji wa Ukhimath. Desemba, basi, hakuna hija. Kedarkantha ni kilele cha mita zipatazo 3,800, na safari yake huanzia kijiji cha Sankri. Wengi hukipanda kwa ajili ya theluji tu.

Naomba mliowahi kufika huko mnishauri: je, mtu aliyekulia kwenye joto la Tanga, asiyewahi kukanyaga theluji, ataimudu Kedarkantha, au ni heri nisubiri Mei, hekalu likiwa wazi? Na mimi nisiye Mhindu nizingatie adabu gani nikiongozana na mahujaji?