Fielder imejazwa kulanti mpya, sasa mshale wa joto unapanda na kushuka: hewa hutolewaje?

mkaazi_wa_barani
Asalaam aleikum ndugu zangu. Gari ni Toyota Fielder NZE121, injini 1NZ, niko Malindi. Fundi kabadilisha hosi ya chini ya rejeta na thamostati (vali inayofungulia maji injini ikipata moto), kajaza kulanti nyekundu (maji ya kupozea injini), kafunga, kanipa ufunguo. Tangu hapo mshale hautulii. Mjini unakaa katikati, nikishika barabara ya Gede unapanda karibu na nyekundu, halafu ghafla unarudi chini. Nikisimama huku injini inanguruma, nyuma ya dashibodi maji yanagugumia kama kibuyu kinachojazwa. Hita yatoa baridi nikisimama, nikikanyaga mafuta yatoa moto. Chini hakudondoki kitu. Mmoja aniambia ni hedi gasketi, ile ya kati ya kichwa cha injini na bloku, mwingine ati nitoe thamostati kabisa maana Pwani kuna joto. Ijumaa nataka kwenda Mokowe. Nianzie wapi?

spana_kumi
Wa aleikum salaam. Kabla ya yote: kulanti iliyoingia ni lita ngapi?

mkaazi_wa_barani
Kilikuwa kigaloni cha lita 4, kimebaki na lita moja hivi. Ilikuwa imechanganywa tayari, hakuongeza maji.

spana_kumi
Basi jibu unalo mkononi. Mfumo wa 1NZ hubeba karibu lita 5. Ukifungua tapu ya rejeta peke yake hutoka kama tatu, nyingine hubaki kwenye bloku na hita, na hapo kurudisha lita tatu ni sawa. Lakini wewe umetolewa hosi ya chini *na* thamostati, na thamostati ya injini hii iko upande wa chini, maji yanapoingilia kwenye pampu. Pale pakifunguliwa, bloku nayo humwaga sehemu kubwa. Kwa hiyo una upungufu wa lita moja au zaidi, na nafasi yake imekaa hewa. Siku zote pima yanayotoka kwenye beseni. Yanayorudi yakiwa pungufu, hujamaliza kazi, hata kama rejeta inaonekana imejaa hadi mdomoni.

Hita yako imesema yaliyobaki. Pampu ikizunguka polepole haiwezi kuyasukuma maji kupita kwenye hewa iliyokaa pale juu. Ukikanyaga mafuta inapata nguvu, maji moto yanafika. Mshale nao: sensa ikizungukwa na mvuke husoma ovyo, maji yakiigusa tena yanarudi kawaida.

bi_maweni
Usiende nayo Gede wala popote kabla ya kutoa hewa, kaka. Hewa ikikwama kwenye silinda hedi, sehemu ile haipozwi na chochote. Hedi ya alumini hupinda, na hapo ndipo gasketi inapoungua kweli. Yule aliyekutajia gasketi atakuwa amesema kweli kwa kuchelewa.

Namna ya kuitoa, injini ikiwa baridi kabisa, yaani ukishika rejeta mkono hausikii joto:

Inua mbele. Malindi yetu tambarare, mteremko utautafuta mpaka Ijumaa ipite, kwa hiyo tumia jeki na uweke stendi pande zote mbili. Magurudumu ya nyuma yawekee magogo, breki ya mkono juu. Unachotaka ni mdomo wa rejeta uwe juu kuliko kila kitu, kwa sababu hewa hupanda.

Fungua kifuniko, simamisha faneli. Kata chupa ya soda ya lita 2, zungushia shingo yake kipande cha tyubu ya baiskeli mpaka ikaze kwenye mdomo wa rejeta. Kazi yake si kumiminia tu. Inashika kimo cha maji juu ya mdomo, hivyo povu likitoka maji yanajaza nafasi yake palepale, hayavuti hewa tena.

Mimina polepole sana. Huku unamimina, bana hosi ya juu na ya chini kwa mkono, bana, achia. Utaona mapovu makubwa. Endelea hadi yakome, ndipo uwashe.

Zima AC. Ikiwa imewashwa feni huzunguka muda wote, na feni ndiyo saa yako ya kujua injini imepata moto kamili. Hita weka moto wa mwisho, upepo wa chini. Acha injini ingurume dakika kumi hadi ishirini, kila baada ya muda shikilia mizunguko 2000 au 2500 kwa nusu dakika, uachie. Ukiachia, kimo kwenye chupa kitapanda ghafla, usishtuke, ndiyo maana haijazwi hadi ukingoni.

Thamostati hii huanza kufunguka nyuzi 80 hadi 84. Hosi ya juu itakuwa moto mapema, ya chini itabaki baridi, kisha itashika joto. Hapo ndipo mapovu ya mwisho hutoka, madogomadogo. Subiri feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili. Hita ikitoa moto bila kukanyaga mafuta na mapovu yamekwisha, zima, acha ipoe, toa chupa, jaza hadi mdomoni, funga. Tangi la akiba liwe kati ya alama mbili.

dau_la_kipini
Nyongeza kwa dada: kwenye Toyota nyingi za aina hii hita haina vali ya maji, maji hupita muda wote na kinachofunguka ni mlango wa upepo tu. Kwa hiyo kuweka hita moto hakufungui njia yoyote, ila ni kipimo kizuri. Kwenye gari zenye vali ni lazima, la sivyo hewa inabaki kule ndani. Ukiweka moto daima hukosei.

La pili: muulize fundi aliiwekaje thamostati. Ina kitundu chenye kipini kidogo kinachochezacheza, na kile kinapaswa kukaa juu. Ndicho hupitisha hewa wakati thamostati imefungwa. Kikiwekwa chini, utatoa hewa mpaka jioni.

Na kuitoa kabisa, yakhe, hapana. Injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni baridi, inaongeza petroli. Utalipa kituoni.

mkaazi_wa_barani
Nashukuru sana. Na hiyo lita inayopungua, naweza kujazia maji ya kisima? Na nitajuaje kama si gasketi?

spana_kumi
Ya kisima usithubutu. Huku kwetu yana chumvi na chokaa, chumvi inakula alumini na chokaa inaziba mirija ya rejeta. Tumia kulanti ileile, aina ileile. Ikikosekana, maji ya betri, lakini soma kibandiko: asidi ya betri huuzwa papo hapo, na chupa hufanana.

Kuhusu gasketi: mapovu ya hewa hupungua, ya gasketi hayaishi. Kwenye gasketi, washa injini ikiwa baridi na kifuniko kimefungwa, hosi ya juu hukakamaa ndani ya dakika moja mbili, kabla hata maji hayajapata moto. Maji hupungua bila kuvuja, moshi mweupe hauishi hata injini ikipata moto. Ukiona dalili hizo, kuna dawa ya buluu ya kupimia, hukaa ndani ya kichupa kinachowekwa mdomoni mwa rejeta, haimiminwi ndani. Ikigeuka njano, gesi ya silinda inaingia kwenye maji.

bi_maweni
Na ile utakayoimwaga ikinge kwenye beseni, usiiache uani. Ni tamu, paka na mbuzi huinywa, nayo ni sumu.

mkaazi_wa_barani
Mrejesho. Imekunywa lita 1 na robo. Hita moto tupu, feni imewaka na kuzima, mshale katikati hadi Gede na kurudi. Ila asubuhi tangi la akiba limeshuka kiasi cha kidole. Inavuja?

dau_la_kipini
Bado usiseme inavuja. Injini ikipoa, rejeta huvuta maji kutoka tangi la akiba kujaza nafasi ya hewa iliyobaki. Jaza, angalia tena kesho na keshokutwa, kila mara ikiwa baridi. Ikitulia, nenda Mokowe. Ikiendelea kushuka, kwanza kagua mpira wa kifuniko cha rejeta, kile kilichoandikwa 1.1, yaani mgandamizo kinaoushikilia. Kwa mgandamizo huo maji matupu huchemka karibu nyuzi 120 badala ya 100, mpira ukipasuka faida hiyo inapotea na tangi linafurika njiani. Kisha pitisha kidole chini ya klipu ya hosi mpya. Kulanti ikivuja kidogo hukauka kabla ya kudondoka, huacha ukoko mwekundu.